Shingo Inayonenepa Peke Yake: Ugonjwa wa Madelung na Upasuaji Wake

Mgonjwa wa Madelung hufika kliniki akiwa amechoshwa na ushauri wa kupunguza kula. Miguu yake ni myembamba, lakini shingo, kisogo na mabega vimejaa mafuta laini, kushoto sawa na kulia, hata kifungo cha juu cha shati hakifungi. Akifunga kula, mwili hukonda, shingo hubaki vilevile.

Otto Madelung, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, alieleza wagonjwa 33 wa namna hii mwaka 1888, na ugonjwa ukabaki na jina lake, ingawa Mwingereza Benjamin Brodie alikwishauandika mwaka 1846. Huwapata zaidi wanaume wa miaka 30 hadi 60, wengi wao wakiwa wanywaji wa pombe wa miaka mingi. Wapo pia wasiokunywa kabisa, kwa hiyo tusiwahi kumnyooshea mtu kidole.

Uchunguzi huanza kwa mkono. Uvimbe wa kawaida wa mafuta una utando wake, ukiubonyeza huteleza. Mafuta ya Madelung hayana mpaka. Picha ya CT au MRI huonyesha yamezama hadi wapi na kama yanabana koo, tena hutusaidia kuyatenganisha na rovu (uvimbe wa tezi ya shingoni), uvimbe wa tezi za mate na saratani. Penye shaka, tunakata kinyama kidogo kikapimwe. Tunapima pia ini na sukari, na kuuliza kuhusu ganzi ya miguu, maana mishipa ya fahamu huathirika mara nyingi.

Kukosekana kwa utando ndiko kunakoufanya upasuaji uwe mgumu. Mafuta hujipenyeza katikati ya misuli, mishipa ya damu na ya fahamu, hivyo tunayachonga polepole, pengine kwa awamu kadhaa, na kuacha mrija wa kutoa damu na majimaji. Kuyafyonza kwa bomba huacha kovu dogo, ila hutoa machache. Mtaalamu wa dawa ya usingizi naye ana kibarua: shingo haikunjuki, na mara nyingine hupitisha mpira wa kupumulia mgonjwa akiwa bado macho.

Hatuahidi kuyamaliza mafuta haya. Hurudi kwa wengi, hasa pombe ikiendelea. Kuiacha hakuyayeyushi yaliyokwishajaa, ila huweza kuyapunguzia kasi. Anayekoroma kuliko zamani, anayekabwa akilala chali au anayemeza kwa shida asisubiri shati limshinde.