Chakula cha Kobe Huanzia Kwenye Udongo

Kobe mgonjwa anapowekwa juu ya meza yangu, kabla sijamgusa humwuliza mwenye kobe alimlisha nini jana, juzi na wiki iliyopita. Jibu ninalolisikia mara nyingi ni saladi na tango, pamoja na kipande cha nyanya au tunda kwa sababu analipenda sana. Kisha nabonyeza ukingo wa gamba kwa kidole gumba, taratibu, na gamba linabonyea pale ambapo kwa kobe aliyekwisha kupita utoto lilipaswa kuwa gumu kama kucha. Kobe huyo hakunyimwa chakula hata siku moja. Alishibishwa maji, kwa maana saladi ya majani meupe na tango vyote ni maji kwa zaidi ya asilimia 90.

Kobe wengi wanaofugwa, wakiwemo wa jamii ya Testudo na yule mwenye madoa kama ya chui, Stigmochelys pardalis, wameumbwa kuishi kwa nyasi, magugu na majani makavu-makavu yenye nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo. Vijidudu vilivyomo katika utumbo wao mpana ndivyo vinavyovunja nyuzinyuzi hizo, na sukari ya matunda huvivuruga hadi kobe akaharisha. Kobe wa miguu myekundu, Chelonoidis carbonarius, ni wa msituni na huyamudu matunda kuliko wenzake, kwa hiyo ni lazima mfugaji ajue kwanza anafuga kobe wa aina gani. Chakula cha mbwa au paka hakimfai kobe mla majani hata kwa kuonja, kwani protini iliyozidi hugeuka asidi ya yuriki ambayo figo zikishindwa kuitoa huleta ugonjwa wa jongo (gauti).

Ugumu wa gamba hutokana na kalsiamu, ambayo katika chakula inapaswa kuwa angalau mara mbili ya fosforasi. Spinachi inayo kalsiamu, lakini pia ina oksaleti inayoishika kalsiamu hiyo ili isifyonzwe. Ndiyo maana siifanyi chakula cha kila siku, ingawa jani moja moja halina neno. Hata chakula kiwe bora namna gani, bila mionzi ya urujuanimno aina ya B ngozi haitengenezi vitamini D3 na kalsiamu hupita bure. Kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo, kwa hiyo kobe anayeota jua nyuma ya kioo anapata joto tu.

Zamani niliwapa wafugaji orodha ya majina ya mimea salama na kuamini kwamba nimemaliza kazi. Mmoja wao alinunua haibiskasi kutoka kitalu fulani, akamlisha kobe wake majani siku hiyohiyo, na kwa siku kadhaa kobe hakutaka kula kitu chochote. Nilipouchimbua udongo wa kopo lile kwa kijiko nilikuta vipunje vya mviringo vya rangi ya manjano, laini kama mayai ya mdudu: mbolea inayoyeyuka polepole. Sikuweza kuthibitisha kwamba ndiyo iliyomdhuru, lakini tangu hapo siuiti mmea salama kabla sijajua umenywa nini. Mimea ya mapambo mara nyingi hupewa viuatilifu vya kufyonzwa na mizizi, kama imidaklopridi, ambavyo husambaa hadi kwenye majani na maua, na kuosha jani hakuviondoi kwa kuwa vimo ndani yake.

Kwa sababu hiyo nasisitiza kupanda kwa mbegu, katika udongo na mboji ambavyo mfugaji anajua vilikotoka. Mmea wa kununua nautoa kopo, naosha mizizi, naupanda upya na kukata majani yote. Kisha nasubiri, na kwa wenye shina gumu kama haibiskasi au mforosadi nasubiri mwaka mzima. Mpungate, ule mmea wenye vibapa vinene vya miiba, ndio rahisi kuliko yote. Kata kibapa kimoja kwenye kiungo, kiache kivulini kwa siku 7 hivi hadi kidonda kikauke na kufanya ngozi, kisha kichomeke katika udongo wenye mchanga na ukimwagilie kwa uchache. Kabla ya kukilisha, sugua vizuri vile vimiiba vidogo kama nywele, kwa maana hivyo ndivyo vinavyochoma mdomo, kuliko miiba mikubwa inayoonekana.

Magugu yenye majani laini, kama mchunga, nayapanda katika trei na kuyafunika kwa wavu ulioinuliwa sentimita chache juu ya udongo. Kobe anakula kinachochomoza, shina linabaki na kuchipua tena. Matundu ya wavu yawe madogo kiasi kwamba kichwa hakipiti.

Msiamini kwamba kobe anaijua sumu kwa silika. Kobe wa kufugwa huuma chochote chenye rangi kali, na kwa hiyo oleanda, mbono, lantana, datura na mimea yote ya jamii ya mnyaa yenye utomvu mweupe isiwepo kabisa mahali anapotembea. Majani ya mparachichi, ya mnyanya na ya kiazi mviringo nayo yaondolewe.

Juu ya hayo naacha kipande cha mfupa wa ngisi akitafune apendapo, na namlowesha katika maji vuguvugu yasiyozidi kidevu chake kwa dakika 15 hadi 20. Humo ndimo kobe hunywa, na mara nyingi ndimo hutoa uchafu mweupe pamoja na mkojo. Uchukue kwa vidole viwili uusugue. Ukiwa laini kama dawa ya meno, maji yanamtosha. Ukiwa na chengachenga kama mchanga, mloweshe kila siku, na usipobadilika mpeleke kwa daktari.