Umefuta diski kwa bahati mbaya? Ichomoe kwanza

Ukifuta faili, au ukifomati diski kwa njia ya haraka, kompyuta haigusi yaliyomo. Inaandika tu kwenye orodha yake kwamba nafasi ile iko wazi. Picha na mahesabu yako yanabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kikishaandikwa, hakuna programu wala fundi wa kuyarudisha, hata akuahidi nini.

Kwa hiyo usianze kwa kutafuta programu. Chomoa diski. Kama ndiyo yenye Windows, zima kompyuta kabisa, maana Windows huandika faili za muda na masasisho hata ukiwa umekaa tu unaitazama. Kosa la kawaida ni kupakua programu ya kurejesha data na kuisakinisha kwenye diski ileile: mwokoaji anakanyaga alichokuja kuokoa. Windows ikikuuliza kama unataka kufomati, kataa. Wala usiendeshe chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwani kazi yake ni kunyoosha orodha, na katika kunyoosha huweza kutupa kumbukumbu za faili unazozitafuta.

Isikilize pia. Diski inayogonga tak-tak mara nyingi ina hitilafu ya vichwa vya kusomea, na hilo ni tatizo jingine kabisa. Usiiwashe tena, usiifungue; vichwa hupita juu ya sahani kwa mwanya mdogo kuliko chembe ya vumbi. Hiyo ni ya maabara yenye chumba safi.

Kwa SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani zinazozunguka, matumaini ni madogo. Tangu Windows 7, mfumo huitumia amri ya TRIM, inayoiambia ni nafasi zipi hazihitajiki tena, kila faili inapofutwa, na SSD husafisha nafasi hizo yenyewe. SSD ya nje iliyounganishwa kwa USB wakati mwingine haipokei amri hiyo, hivyo inafaa kujaribu. Fomati kamili nayo, kuanzia Windows Vista, huandika sifuri diski nzima. Hapo hakuna cha kurejesha.

Diski ikiwa nzima, itolee taswira kamili, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, kisha ufanyie kazi taswira hiyo. Wengi huruka hatua hii kwa haraka, ilhali ndiyo inayokupa nafasi ya kukosea na kuanza upya. Tafuta diski ya pili yenye nafasi wazi inayozidi ukubwa wote wa ile iliyofutwa: ya TB 1 inahitaji zaidi ya TB 1 hata kama ilikuwa na GB 200 tu. Isiwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili ya kufika GB 4. Tumia NTFS au exFAT. Washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, bila kuisakinisha, weka kifurushi cha gddrescue chenye programu ya ddrescue, kisha andika lsblk uone majina ya diski. Yahakiki kwa ukubwa, maana ukigeuza diski ya kunakiliwa na ile ya kupokea nakala umemaliza kila kitu. Ukiwa ndani ya folda ya diski ya pili, na kama iliyofutwa ni sdb:

sudo ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map

Kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, TB 1 huchukua karibu saa tatu. Kwa USB 2.0 tenga usiku mzima. Zikibaki sehemu zilizokataa kusomeka, rudia amri hiyo ukiweka -d -r3 mahali pa -n. Faili ya diski.map hukumbuka ulipofikia, hata umeme ukikatika.

Sasa fungua diski.img, ndiyo taswira yako, kwa programu ya TestDisk, ambayo ni ya bure. Chagua Analyse, kisha Quick Search. Partisheni (sehemu ya diski iliyobeba faili) ya zamani ikionekana, bonyeza P uone faili, na uzinakili kwenda diski nyingine. Njia hii huhifadhi majina na mafolda, ndiyo maana inatangulia.

Ikishindikana, programu nyingine, PhotoRec, hutafuta faili kwa alama zake za mwanzo. JPEG, kwa mfano, huanza na FF D8 FF. Majina hupotea: utapata maelfu ya faili zenye namba ndani ya folda za recup_dir. Punguza mzigo kwa kuchagua aina unazohitaji tu. Video ndefu mara nyingi hutoka zikiwa mbovu kwa sababu vipande vyake vilitawanyika.

Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, inahitaji nywila yake au ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla ya faili zake kusomeka. Mwishoni, fungua faili kadhaa za kila aina uzikague zote hadi mwisho, ndipo uirudishe diski kazini.