Riale bandia: utajuaje imetengenezwa kwa metali gani bila kuikata?

Riale ya Maria Theresa, ile sarafu pana yenye sura ya malkia wa Austria, ilizunguka Zanzibar, Oman na Uhabeshi kwa miaka mingi, na bado hukutwa kwa masonara na kwenye masanduku ya familia. Zinazoonekana leo karibu zote zina mwaka 1780, ambao ndio mwaka aliofariki malkia, hata zile zilizopigwa chapa karne ya 20 huko Vienna, Roma, London au Bombay. Kwa hiyo tarehe haikusaidii, wala upya wa sarafu si ushahidi wa ughushi. Iulize metali yenyewe. Riale halisi ina uzito wa gramu 28.07, upana wa karibu milimita 40, na ndani yake fedha ni asilimia 83.3, iliyobaki ni shaba.

Mghushi anaweza kupatia uzito kwa kuinenepesha sarafu, na rangi kwa kuichovya kwenye fedha. Kupatia uzito na ujazo kwa pamoja ndiko kugumu, maana kila metali ina densiti yake, yaani gramu ngapi zinaingia katika sentimita moja ya ujazo. Riale halisi ni 10.2 hivi. Risasi ni 11.3, shaba nyekundu 8.96, mchanganyiko wa shaba na nikeli 8.9, shaba ya njano karibu 8.5, chuma 7.9, bati 7.3, zinki 7.1.

Kupima kwake unahitaji mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa mshipi (uzi wa pamba hunywa maji), uishike ikining'inia na uizamishe yote bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Maji yanaisukuma sarafu juu, nayo inayasukuma chini kwa nguvu ileile, hivyo gramu zitakazosomeka ni sawa na sentimita za ujazo wake. Kwa riale halisi utaona 2.75 hivi, gawa 28.07 kwa 2.75, unapata 10.2. Riale ya shaba ya njano iliyonenepeshwa ifikie gramu 28 itasoma 3.3, na unene wake utakuwa karibu milimita 3 badala ya 2.5.

Mapovu yaliyonasa kwenye nywele za malkia, au kwenye manyoya ya tai aliye upande wa pili wa sarafu, huongeza ujazo. Sarafu ikigusa kitako nayo huongeza namba. Makosa yote mawili hushusha densiti, na ndiyo maana riale halali huhukumiwa kuwa bandia. Tia tone la sabuni ndani ya maji, tikisa sarafu kidogo, rudia mara tatu. Riale iliyovaliwa kama kidani na kulehemiwa pete haifai kipimo hiki, kwa sababu lehemu na pete vimo kwenye hesabu.

Densiti peke yake nayo hudanganyika. Risasi asilimia 80 ikichanganywa na bati asilimia 20 inatoa 10.2 kamili! Lakini mchanganyiko huo ni laini na hauna sauti: ukiigonga sarafu ikiwa juu ya ncha ya kidole inatoa mlio mfupi uliokufa, ilhali fedha hulia kwa muda. Pale mchovyo ulipochubuka, sugua kwenye karatasi nyeupe; risasi huacha alama ya kijivu kama penseli. (Riale halisi yenye ufa pia hailii, kwa hiyo usihukumu kwa sauti tu.)

Sumaku hunasa chuma na nikeli tupu, basi. Shaba, zinki, risasi na hata shaba yenye nikeli robo hazinaswi. Kipande kidogo cha sumaku kali ya neodimiamu kina faida zaidi: iinamishe sarafu nyuzi 45 na ukiachie kiteleze juu yake. Juu ya fedha au shaba nyekundu kinashuka polepole, kwa sababu umeme unaozaliwa ndani ya metali hukizuia. Juu ya risasi au shaba yenye nikeli kinaporomoka. Fedha na shaba nyekundu utazitenganisha kwa densiti. Jaribio la kuweka barafu juu ya sarafu haliwezi kuzitenganisha, kwani zote mbili huiyeyusha haraka.

Tindikali ya masonara iache hadi mwisho, na iguse ukingo tu, kwenye mkwaruzo uliopita mchovyo. Ukiidondosha juu ya uso itajibu habari za mchovyo, na itaacha doa la kudumu. Mashine ya eksirei ya kupimia madini nayo husoma ngozi ya juu tu. Mchovyo ukiwa mnene, itakuambia ni fedha huku tumbo ni shaba. Mwombe mwenye mashine aielekeze mahali palipochakaa, kisha linganisha jibu lake na namba yako ya majini.