Omeprazoli si antasidi

Siku hizi kila dawa inayohusu asidi ya tumbo inaitwa antasidi. Magnesiamu ya kutafuna ni antasidi, ile nzito ya chupa ni antasidi, na omeprazoli nayo inatiwa humo humo. Mtu akishaziona zote ni kitu kimoja, atazitumia kwa namna moja: kifua kikiwaka, anameza.

Antasidi huondoa ukali wa asidi ambayo tayari iko tumboni. Nyingi hutengenezwa kwa chumvi za magnesiamu, aluminiamu, kalisiamu au sodiamu. Nafuu huja ndani ya dakika chache. Ukiitumia tumbo likiwa tupu, hudumu kama nusu saa tu. Ukiitumia saa moja baada ya kula, inaweza kufika saa tatu. Asidi itakayotengenezwa baadaye haiihusu.

Omeprazoli, iliyotoka Uswidi na kuingia sokoni mwaka 1988, haigusi asidi iliyopo. Hufyonzwa kwenye utumbo mdogo, huingia kwenye damu, na damu ndiyo huipeleka hadi kwenye seli za ukuta wa tumbo. Seli hizo zina pampu ndogo sana zinazomwaga asidi. Dawa huishika pampu na haiiachii tena, mpaka mwili utengeneze pampu nyingine. Kwa hiyo dawa yenyewe huisha kwenye damu ndani ya saa chache, lakini kazi yake huendelea siku nzima na zaidi.

Sharti lenyewe mara nyingi halisemwi dirishani: omeprazoli hushika pampu inayofanya kazi tu, na pampu huamshwa na chakula. Imezwe dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, hasa kabla ya chai ya asubuhi. Bahasha ya dawa huandikwa "1x1", yaani kimoja mara moja kwa siku, basi. Mgonjwa anameza usiku akiwa ameshakula, au anasubiri kiungulia kipande, na baada ya siku mbili anasema dawa ni feki. Hata ukiimeza ipasavyo, siku ya kwanza hufunga sehemu tu ya pampu. Nguvu yake kamili huja baada ya siku 3 hadi 5.

Fungua kapsuli moja uitazame. Mara nyingi ndani utakuta punje ndogo, si unga. Kila punje ina ganda linaloikinga, kwa sababu asidi ya tumbo huiharibu omeprazoli kabla haijafika utumboni. Ukizitwanga au kuzitafuna punje hizo, dozi imepotea. Vidonge vya magnesiamu ni kinyume: vile vinatakiwa kutafunwa.

Kuchanganya majina kunamgharimu zaidi anayetumia TLD, kidonge cha kudhibiti virusi vya UKIMWI. Dolutegraviri iliyomo hunaswa na magnesiamu na aluminiamu tumboni, ikashindwa kufyonzwa vizuri. Kwa hiyo TLD humezwa saa 2 kabla ya antasidi ya aina hiyo, au saa 6 baada yake. Omeprazoli haina mgogoro huo na dolutegraviri. Anayeita omeprazoli antasidi atajisumbua na saa zisizomhusu; anayetafuna magnesiamu na kusema tu "natumia dawa ya vidonda vya tumbo" anaweza kupita bila kuonywa. Antibaiotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini nazo hunaswa vivyo hivyo.

Tena, si antasidi wala omeprazoli peke yake inayomwondoa bakteria wa H. pylori, ambaye pamoja na dawa za maumivu kama diklofenaki, aspirini na ibuprofeni husababisha vidonda vingi vya tumbo. Omeprazoli hukipa kidonda nafasi ya kupona, kwa kawaida wiki 4 hadi 8. Bakteria akibaki, kidonda hurudi. Kumwondoa kunahitaji antibaiotiki pamoja na omeprazoli, na tiba inayotumika sana ni ya siku 14 bila kuruka dozi.

Kabla ya kipimo cha choo cha bakteria huyo, omeprazoli husimamishwa wiki 2, kwa sababu huwapunguza kiasi cha kipimo kusema hawapo. Kiungulia kikikubana katika wiki hizo, antasidi inaruhusiwa. Ukiacha omeprazoli ghafla baada ya kuitumia miezi mingi, asidi inaweza kuja kwa wingi kuliko mwanzo; watu wengi hudhani ni ugonjwa umerudi, wakaanza dozi upya. Afadhali kuipunguza taratibu kwa maelekezo ya daktari. Choo cheusi chenye kunata, au kutapika damu, hakungoji dawa yoyote kati ya hizi: ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo dukani, ukitaka kutuliza kiungulia cha saa hiyo, omba antasidi. Omeprazoli itaje kwa jina lake, au iite dawa ya kuzuia asidi, na umweleze mfamasia dawa nyingine zote unazotumia.