Samaki wa Ziwa Victoria na maji machafu: maswali ninayoulizwa zahanati

Je, tuache kula samaki wa ziwani?

Hapana. Sato na dagaa ni kitoweo kizuri, na mtoto anayekua anawahitaji. Ninaowakataza ni samaki waliookotwa wakielea na waliovuliwa kwa sumu.

Nikimkaanga mpaka akauke, sumu si inaisha?

Haiishi. Moto unaua vijidudu na minyoo, basi. Viuatilifu vya shambani, yaani dawa za kuulia wadudu, na zebaki haviishii kwenye sufuria. Limau haliondoi sumu. Chumvi haiondoi. Kumbanika kwa moshi hakuondoi. Tunapokea familia nzima inatapika, na bado naambiwa, "Lakini nesi, tulimkaanga vizuri." Ndugu zangu, nawaomba sana: moto hauondoi sumu.

Nitamtambuaje samaki wa sumu?

Kwa macho huwezi kuwa na uhakika. Macho maangavu na mashavu mekundu yanaonyesha kuwa samaki hajachina, hayapimi sumu. Ukikuta samaki wengi wanaelea, wakubwa kwa wadogo, usiokote hata anayetapatapa. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Hali kama hiyo ikitokea, usile wala usiuze mpaka wataalamu waseme. Nunua mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kwa mvuvi unayemfahamu. Na pale Mto Mirongo unapoingia ziwani, ukiwa umepita katikati ya jiji la Mwanza na uchafu wake, watoto wasivue kitoweo.

Maji yakiwa ya kijani?

Ukijani huo ni mwani, na aina zake fulani hutoa sumu inayoharibu ini, nayo hujaa zaidi kwenye matumbo na ini la samaki. Tumbua, tupa vyote vya ndani, kisha osha nyama kwa maji safi, si kwa hayo hayo ya kijani. Kuchemsha? Hata hapa hakusaidii.

Mimi ni mjamzito, nile yupi?

Kula sato na dagaa. Sangara wakubwa waache kwanza. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, na mvua huisomba hadi mitoni na ziwani. Samaki anayekula wenzake huikusanya mwaka hadi mwaka, ndani ya nyama yenyewe, kwa hiyo kutoa ngozi au matumbo hakuipunguzi. Inapita kwenye kondo la nyuma na kudhuru ubongo wa mtoto.

Mtu akianza kutapika baada ya kula?

Mleteni sasa hivi, si kesho asubuhi. Jasho jingi, mate kumtoka, mboni za macho kusinyaa, kupumua kwa shida: hizo ni dalili za viuatilifu, na vinaua haraka. Maziwa si dawa ya sumu. Msimnyweshe maziwa mkakaa kusubiri, wala msimtapishe kwa vidole. Dawa yake ya sindano ipo, ila inataka kuwahi. Leteni na mabaki ya samaki, na wote waliokula chungu kile waje, hata asiyeumwa bado.