Uvae nini unapokwenda kuogelea? Maswali kutoka Nyanda za Juu Kusini

Likizo ikifika, familia nyingi za Mbeya mjini hushuka Kyela hadi ufukwe wa Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Wengine hujifunzia kuogelea kwenye mabwawa ya hoteli. Maswali ya nguo ninayoulizwa zaidi ni haya.

Sina nguo ya kuogelea. Nikiingia na fulana na jinzi kuna ubaya gani?

Jinzi usiingie nayo kabisa. Pamba hunywa maji, na jinzi iliyolowa huwa nzito, hung'ang'ania magoti na kukuzuia kupiga miguu. Anayejua kuogelea atachoka mapema. Anayejifunza anaweza kuzama. Dela na kanga nazo zikilowa huzunguka mapaja na kufunga miguu. Hili nawaambia hasa kina mama wanaoingia ziwani wamejifunga kanga huku wamembeba mtoto. Mkono mmoja una mtoto, miguu imefungwa, wimbi likija utajiokoaje? Kanga ibaki mchangani, utajifunga ukitoka.

Kinachofaa ni kitambaa chepesi kisichonywa maji mengi, kama nailoni au polista yenye uzi wa kuvutika. Mfuko ukiwa mdogo, bukta ya mpira na jezi isiyopwaya vinatosha.

Nataka kujisitiri. Nitavaa nini?

Taiti ndefu na blauzi ya mikono mirefu, vyote vya kitambaa hichohicho, ukipenda na gauni fupi jepesi juu yake. Yapo pia mavazi kamili yenye kofia ya kichwa, ambayo kina mama na mabinti wa Kiislamu wengi huvaa. Hatari iko kwenye upana na uzito wa nguo, si kwenye urefu wake, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba lazima uchague kati ya heshima na usalama. Epuka tu pini na mtandio mrefu unaoweza kukaza shingo.

Nguo za kuogelea za mitumba, kama za soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, zina shida?

Hazina, ukizikagua. Vuta mpira wa kiunoni na wa miguuni. Mpira usiporudi, umekwisha nguvu, na nguo itakuvuka majini. Fua kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, anika juani hadi ikauke kabisa ndipo uvae.

Huku kwetu baridi ni kali. Nguo ya kuogelea itanikinga?

Haitakukinga. Maji huondoa joto la mwili kwa kasi takribani mara 25 kuliko hewa yenye ubaridi uleule, na nguo nyembamba haizuii hilo. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai nyuzi joto hushuka chini ya 10, hivyo bwawa lisilopashwa moto hubaki la baridi hata jua likiwaka.

Kwa hiyo nguo muhimu kuliko zote ni ile ya kutokea: taulo, sweta, suruali kavu, soksi na kofia. Vua kila kilicholowa, hata chupi. Vijana wengi huvaa suruali juu ya bukta mbichi, wakapanda bodaboda. Upepo ukipita kwenye nguo yenye maji hupora joto lililobaki. Nguo mbichi iliyobana kwa saa nyingi pia hulea fangasi kwenye mapaja na sehemu za siri.

Mtoto akitetemeka au midomo ikibadilika rangi, mtoe majini, mkaushe, mfunike blanketi, mpe uji au chai ya moto. Akiacha kutetemeka huku bado wa baridi, akaongea kwa shida au kusinzia, usimpe kitu kinywani. Mwahishe kituo cha afya.

Mtoto avae rangi gani?

Machungwa au njano inayong'aa. Bluu na nyeupe hupotea ndani ya maji, na mtoto huzama kimyakimya. Nepi ya kawaida hujaa maji na kuvimba, ivue. Jaketi la kuokolea limtoshe barabara, lakini mzazi asisogee mbali naye.

Jua la huku si kali, au siyo?

Hewa ndiyo ya baridi. Mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Mikono mirefu ya kitambaa cheusi kilichosokotwa vizuri hukinga kuliko fulana nyeupe, maana pamba nyeupe ikilowa hupitisha mionzi zaidi. Mwenye ualbino afunike mwili hadi shingoni, avae kofia pana na aogelee asubuhi au jioni.

Na siku za hedhi?

Pedi hunywa maji ya bwawa na haifanyi kazi tena. Tumia kisodo cha kuingiza ndani au kikombe cha hedhi.

Nguo ndefu zitanizuia kupata kichocho Ziwa Nyasa?

Usizitegemee. Vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na uso, mikono na miguu hubaki wazi. Kaa mbali na majani ya ukingoni ambako huishi konokono wanaobeba vijidudu hivyo. Ukiona damu kwenye mkojo, au hata bila dalili wiki nane hivi baada ya kuogelea, nenda kapime na umwambie mhudumu kwamba uliingia ziwani. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.