Skolashipu: wengi huangushwa na karatasi, si gredi

Matokeo ya KCSE, mtihani wa Form Four, yakitoka tu simu yangu haipoi, wazazi wa Kisauni, Likoni, Jomvu, wote swali moja, "mwalimu, skolashipu zapatikana wapi?" Mimi nami nauliza cheti cha kuzaliwa kiko wapi, naambiwa kiko kwa bibi Kwale. Haya.

Kazi yangu ni kuwasaidia vijana kuomba ufadhili wa chuo, na kitu kinachoniuma zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cha KCSE Mohammed, pasipoti Muhammad, na sisi hapa Pwani hatuoni shida maana ni mtu huyo huyo, lakini anayekagua faili kule Ankara, Uturuki, hamjui babako wala mtaa wenu, yeye aona watu watatu. Sahihisha mapema, na kama muda haukuruhusu nenda kwa wakili ule kiapo kuwa majina yote ni yako, halafu uulize kama wafadhili watakikubali, si wote.

Pesa anza kutafuta hapa hapa. Ukishapangiwa chuo na KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi vyuo, waomba kwenye potali ya HEF, mfuko wa serikali wa elimu ya juu, na soma vizuri kwa sababu skolashipu ya serikali hairudishwi lakini mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, warudishwa, na riba juu. Kuna basari ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lako, kaunti nayo ina yake. Watu huzidharau eti ni pesa ndogo, mimi sikubali, hiyo ndogo ndiyo yalipa chumba. Fomu zataka muhuri wa chifu na mara nyingi wa msikiti au kanisa pia, kwa hivyo ukimpata chifu ofisini mpe zote kwa pamoja.

Za nje, Türkiye Bursları, skolashipu ya serikali ya Uturuki, kwa kawaida hufunguliwa Januari na kufungwa Februari, digrii ya kwanza uwe hujafika miaka 21, na kuomba ni bure. Chevening ya Uingereza ni ya masters na yataka saa 2,800 za kazi ulizokwisha kufanya, sasa wewe wa Form Four usijisumbue nayo kwa sasa. Mtu akikuomba M-Pesa "ya kufungua faili" mblok, huyo mwizi.

Barua sasa. Nikisoma "mimi ni mwanafunzi mwenye bidii kutoka familia maskini" najua anayefuata ataandika hivyo hivyo. Kuna binti aliniletea yake iko hivyo, nikamuuliza mamako afanya nini, akasema akaanga viazi karai jioni, na binti mwenyewe ndiye ashikaye daftari la deni na amejua kuwa wateja hulipa baada ya tarehe tano, basi mama hununua unga mwingi wiki hiyo. Nikamwambia hiyo ndiyo barua, wewe waomba kusomea uhasibu na tayari wafanya hesabu za biashara, wataka ushahidi gani tena! Akaandika upya, fupi, bila kulialia.

Mwalimu wa kukuandikia rekomendesheni mpe wiki mbili, umtumie na nakala ya barua yako asianze kubuni. Na usitume usiku wa mwisho kutoka saiba, potali hujaa watu na umeme wetu mwaujua.